Commodore 64 haiwaki: pima adapta kabla ya kuilaumu mashini

Karibu kila anayeniletea Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya zamani, hapa Kamalondo huanza hivi: "Papa, tuliitoa kwenye sanduku la marehemu mzee, tukaichomeka, taa nyekundu ikawaka, skrini ikabaki nyeusi." Nikiuliza kama kuna aliyepima adapta kwanza, wananitazama kimya. Mashini ilipumzika miaka thelathini bila kidonda, halafu ikaumizwa ndani ya dakika moja na kile kiboksi kilichokuja nayo.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, lakini naomba usiruke sehemu inayofuata hata kama dalili yako umeshaiona chini. Commodore 64, au C64 kwa kifupi, ilianza kuuzwa mwaka 1982 na ikatengenezwa hadi 1994. Hata ile changa kabisa ina zaidi ya miaka thelathini. Chipu zake nyingi hazitengenezwi tena, na kwetu Lubumbashi kuipata moja ni kuagiza Ulaya na kungoja. Kinga hapa ni rahisi kuliko tiba kwa mbali sana.

Kabla ya kuchomeka chochote

Geuza adapta usome karatasi yake. Ikiandikwa 220 au 240, inafaa prizi zetu. Ikiandikwa 117, mashini ilitoka Marekani, na ukiipa umeme wetu utasikia harufu kabla hujarudisha mkono. Karatasi ikiwa imefutika, usikisie.

Adapta hiyo hutoa umeme wa aina mbili kwa waya mmoja: volti 5 za moja kwa moja (DC), na volti 9 za kubadilika (AC). Volti 5 ndizo zinazolisha chipu karibu zote. Kazi ya kuzizuia zisipande inafanywa na kidhibiti kimoja kilichozikwa ndani ya gundi ngumu, mahali ambapo joto halina njia ya kutoka. Kidhibiti hicho kikichoka, mara nyingi hakikati umeme, kinaachia. Volti 5 zinakuwa 6, zinakuwa 7, na chipu za kumbukumbu zinakufa bila moshi na bila sauti. Hicho ndicho chanzo cha skrini nyeusi nyingi.

Chukua multimeta, kile kipima umeme. Plagi ya adapta ina miguu saba, na ukiangalia kwa karibu utaona namba ndogo pembeni ya kila mguu. Mguu 5 ni volti 5. Miguu 1, 2 na 3 ni ardhi. Kati ya 6 na 7 kuna volti 9 za kubadilika. Weka multimeta kwenye umeme wa moja kwa moja, pima kati ya 5 na 2. Ukipata kati ya 4.9 na 5.2, endelea. Ukipata zaidi ya 5.25, adapta hiyo imestaafu, iweke mbali na watoto. Kati ya 6 na 7, ukiwa umegeuza multimeta kwenye umeme wa kubadilika, utasoma 9 hadi 11 bila mzigo, na hiyo ni sawa.

Lakini kipimo cha baridi hakitoshi. Adapta isiyobeba kitu inaweza kuonyesha 5.1 nzuri kabisa, halafu ikaharibika ikipata moto. Mimi hutumia balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, inayopatikana kwa muuza vipuri yeyote. Ukiiunganisha kwenye volti 5 hunywa takriban ampea 1, karibu sawa na mashini yenyewe, na inawaka kwa mwanga wa machungwa hafifu. Iache nusu saa huku ukipima kila dakika tano.

Kijana mmoja kutoka Ruashi aliniletea adapta ambayo karatasi yake ilishafutika. Alikuwa na haraka. Tulifunga balbu, sindano ya multimeta yangu ya zamani ikatulia kwenye 5.1. "Si unaona, Papa, ni nzima." Nikamwambia akae, tunywe chai. Dakika ya kumi, 5.1. Dakika ya ishirini adapta ilikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini, na sindano ilikuwa imeanza kupanda polepole, kama mshale wa saa. 5.4. 5.6. Balbu ikabadilika rangi kutoka machungwa kuwa njano mbele ya macho yetu. Nilichomoa ilipofika 6. Mashini yake ilikuwa bado iko kwenye mfuko wa plastiki, haijaguswa, na hadi leo inafanya kazi kwa adapta mpya.

Nikiruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu: usitumie kabisa adapta ya asili, hata ikipita mtihani. Tafuta iliyotengenezwa upya, au mwombe fundi akuundie kwa transfoma ya volti 9 na chanzo kizuri cha volti 5. Mwambie kwa msisitizo kwamba volti 9 lazima zibaki za kubadilika. Wengine huona "9V" wakaweka adapta ya redio, na mashini haifanyi kazi inavyopaswa. Ile ya asili iliyojazwa gundi usijaribu kuipasua uitengeneze. Ndani yake mna umeme wa ukutani, na gundi haitoki bila kuvunja kitu.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiisha, umeme hurudi kwa kishindo. Usiiache mashini imewashwa ukingojea umeme urudi. Zima swichi, chomoa, subiri taa za nyumba zitulie dakika chache. Stabilizateri nzuri husaidia.

Hakuna taa, hakuna chochote

Hii inawatisha watu kuliko zote, na kumbe mara nyingi ndiyo nyepesi.

Anza na prizi na ralonji (waya wa kuongezea), kwa kuchomeka taa ya meza mahali pale pale. Mashini zilizopitia Zambia zina plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu bapa, na vile vigeuza-plagi vya bei rahisi tunavyonunua sokoni hulegea. Plagi hizo za Kiingereza zina fyuzi ndani yake. Ifungue uitazame.

Kisha swichi ya mashini yenyewe. Miaka ya vumbi jekundu huacha utando kwenye vyuma vyake. Mashini ikiwa imechomolewa, iwashe na kuizima mara ishirini au thelathini. Utashangaa ni ngapi zimepona hapo. Ikiendelea, tia tone la alkoli ya duka la dawa ya asilimia 90 ndani ya swichi, rudia, acha ikauke saa nzima.

Ikiwa adapta inatoa volti 5 lakini taa haiwaki, angalia skrini. Picha ikiwepo, ni waya wa taa tu uliochomoka mtu alipofungua kifuniko. Umeunganishwa kwenye ubao kwa kiungo kidogo chini ya kibodi.

Taa inawaka, skrini nyeusi

Hapa ndipo wengi walipo, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza hakikisha kosa si la televisheni. C64 ya Ulaya ikitumia waya wa antena huonekana kwenye chaneli 36 ya UHF. Televisheni bapa za siku hizi nyingine hukataa ishara dhaifu ya zamani na kuonyesha rangi ya buluu au neno la kukosa ishara. Waya wa video unaotoka kwenye tundu la duara ni bora zaidi: mguu 4 ni picha, 3 ni sauti, 2 ni ardhi.

Kuna njia ya kujua kama mashini iko hai ingawa huioni. Ukiwa na kiendeshi cha diski 1541 kizima, kiunganishe, washa vyote, subiri sekunde tano, kisha andika bila kuona LOAD"$",8 na ubonyeze RETURN. Alama ya nukuu iko juu ya 2, ya dola juu ya 4, zote kwa SHIFT. Kiendeshi kikizunguka na taa yake nyekundu ikawaka, mashini inafikiri vizuri na tatizo lako ni picha tu. Kisipojibu, endelea kusoma.

Chomoa kila kitu: diski, kaseti, vijiti vya michezo, na hasa katriji, yale makasha ya programu yanayochomekwa nyuma. Kiendeshi kibovu kinaweza kuishikilia mashini isianze, kwa sababu waya wa kuanzisha upya hupita humo humo. Baada ya kuchomoa, mulika tochi ndani ya tundu la katriji. Mama mmoja wa Katuba alileta mashini ambayo mafundi wawili walikuwa wameshaitangaza imekufa. Nilipomulika tundu hilo niliona mfereji wa udongo mwekundu, mgumu, laini kwa nje kama umepakwa kwa kidole. Nyigu. Walikuwa wamejenga juu ya vyuma vya mguso, na ndani ya kila chumba kulikuwa na buibui wadogo waliokauka, chakula cha watoto wao. Nilitoa udongo vipande vipande kwa kijiti cha mshikaki, nikasafisha vyuma kwa brashi na alkoli, na maandishi ya buluu yakatokea. Mama alishika mdomo.

Ukishafungua kifuniko (skrubu tatu za chini, kibodi inainuka kama boneti ya gari, na usivute nyaya zake), tazama kabla ya kupima. Kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu, sisi wa mji wa shaba tunaijua rangi ile. Mayai ya mende. Kapasita iliyovimba kichwa. Vumbi litoe kwa brashi laini ya nywele. Upepo wa gereji ya matairi usiutumie, una maji na mafuta ndani yake.

Sasa fyuzi. Kwenye ubao kuna kijibomba cha kioo chenye vifuniko vya chuma pande zote mbili, ampea 1.5. Hiki hulinda ule upande wa volti 9. Na hapa kuna siri ambayo ingewaokoa wengi: taa nyekundu hulishwa na volti 5, lakini kwenye mbao za zamani chipu ya picha hupata umeme wake kutoka upande wa volti 9. Fyuzi ikikatika, taa inawaka kama kawaida na skrini inabaki nyeusi kama kaburi. Itoe, ipime kama inapitisha umeme. Ibadilishe kwa nyingine ya 1.5. Ukifunga karatasi ya fedha ya sigara badala yake, umeondoa mlinzi na kumwacha mwizi mlangoni. Fyuzi mpya ikikatika mara moja, acha hapo. Kuna kitu kilichogusana, nacho ni kazi ya fundi.

Fyuzi ikiwa nzima, pima umeme kwenye chipu zenyewe. Kila chipu ina pengo dogo upande mmoja. Weka pengo juu. Mguu wa kwanza uko kushoto juu, hesabu ukishuka kushoto, kisha ukipanda kulia. Kwenye mbao za zamani, chipu nane ndogo zinazofanana, zimepangwa safu mbili, ndizo kumbukumbu. Kwenye hizo, mguu 8, kushoto chini kabisa, ni volti 5, na mguu 16, kulia juu, ni ardhi. Kwenye chipu ya sauti, iliyoandikwa 6581, ni kinyume chake: ardhi ni mguu 14, kushoto chini, na kulia juu, mguu 28, ni volti 12. Usichanganye. Chipu ya picha, 6569, imefichwa ndani ya kisanduku cha bati. Mguu 40 kulia juu ni volti 5, mguu 20 kushoto chini ni ardhi. Nimekupa miguu ya pembeni tu kwa makusudi, kwa sababu ncha ya multimeta ikiteleza katikati na kuunganisha miguu miwili, utaua chipu iliyokuwa hai. Funga ncha zote mbili kwa utepe wa fundi umeme, acha milimita mbili tu wazi.

Volti 5 zikiwa sawa kwenye plagi ya adapta lakini 4.6 kwenye kumbukumbu, rudi kwenye swichi, au tazama viungo vya risasi nyuma ya tundu la umeme. Hupasuka kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa, ufa mwembamba wa duara kama alama ya kikombe mezani.

Umeme wote ukiwa mzima na skrini bado nyeusi, basi ni chipu. Kwa utaratibu wa mara kwa mara hadi nadra: PLA, ile iliyo kwenye nafasi ya U17, kazi yake ni kuamua chipu gani izungumze saa ipi, na hupata joto sana, kisha kumbukumbu, kisha chipu za programu ya kudumu, hasa ile ya KERNAL, programu inayoendesha mashini, kwenye U4, kisha 6510 yenyewe, ambayo ni ubongo, na mwisho chipu ndogo za kuzunguka.

Jaribio la kidole husaidia. Washa dakika mbili, zima, chomoa, kisha gusa kila chipu kwa mgongo wa kidole. Ya picha, ya sauti na PLA huwa na joto, hiyo ni kawaida yao. Kumbukumbu nane zinapaswa kuwa vuguvugu na kulingana. Moja ikikuchoma huku wenzake wametulia, hiyo ndiyo. Moja ikiwa baridi kabisa, nayo itilie shaka.

Ukiwa na chipu ya akiba ya aina ya 4164, unaweza kuipandisha mgongoni mwa ile unayoishuku, mguu juu ya mguu, pengo juu ya pengo, mashini ikiwa imezimwa, kisha uwashe. Picha ikirudi, umeipata. Isiporudi, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu chipu iliyokufa kwa kugusana ndani itamvuta hata mwenzake mzima. Njia ya uhakika zaidi ni katriji ya uchunguzi inayoitwa Dead Test. Huwasha mashini bila kutegemea programu zake za ndani, na kumbukumbu ikiwa mbovu, skrini humweka mara kadhaa. Hesabu mimweko, kila idadi ina chipu yake.

Watu wenye multimeta ya sindano wanaweza kutazama jambo moja zaidi: mguu 40 wa 6510. Mara tu unapowasha, hukaa karibu na sifuri kwa nukta fupi, kisha hupanda hadi karibu 5. Ukibaki chini daima, mashini inazuiwa kuanza, na ubongo huenda hauna kosa lolote.

Rangi zipo, maandishi hakuna au yamevurugika

Ukiona ukingo wa buluu isiyokoza na katikati buluu iliyokoza, pumua. Mashini imeamka na imepita hatua kubwa. Ikiishia hapo bila neno hata moja, chipu ya BASIC, lugha ya kuiandikia mashini amri, kwenye U3 ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Herufi zikiwa zimegeuka vipande vya takataka huku kile kisanduku cha kuandikia kikipepesa, programu inatembea ila umbo la herufi limepotea: chipu ya U5. Lakini kabla hujafika huko, angalia kama SHIFT LOCK imebonyezwa chini. Ikibonyezwa, herufi unazoandika hutoka kama michoro. Nimeona mtu aliyeagiza chipu kwa sababu hiyo.

Skrini ikijaa alama za ovyo zinazobadilika kila ukiwasha, ni kumbukumbu au PLA, rudi juu.

Namba si 38911

Mashini nzima, baada ya sekunde mbili tatu, huandika  COMMODORE 64 BASIC V2 , chini yake 64K RAM SYSTEM 38911 BASIC BYTES FREE, kisha READY. Hiyo 38911 si pambo. Kila inapowashwa, mashini hupita kwenye kumbukumbu yake ikiandika na kusoma, na husimama inapokuta mahali pabovu. Namba ikiwa ndogo kuliko hiyo, na umeshachomoa katriji, basi chipu mojawapo ya zile nane ina kidonda. Kila chipu hubeba sehemu moja ya nane ya kila herufi, hivyo moja ikiugua wote wanaugua.

Kisanduku hakipepesi, au vibonye havijibu

READY imetokea, lakini kile kisanduku chini yake kimetulia kama picha. Upepesaji wake hutawaliwa na chipu ya 6526 kwenye U1, ambayo ndiyo pia inayosoma kibodi. Kuna nyingine kama hiyo kwenye U2. Zikiwa zimekaa kwenye soketi, zima, zibadilishane nafasi. Dalili ikibadilika, umempata mgonjwa.

Chipu hii huuawa na vidole vyetu. Miguu ya matundu ya vijiti vya michezo imefika kwake moja kwa moja, na wakati wa kiangazi, Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na sakafu ina zulia la nailoni, ukitembea hatua tatu umejaa umeme. Gusa bomba la maji au chuma kikubwa kabla ya kugusa mashini, na kamwe usichomeke kijiti wakati imewashwa.

Kisanduku kikipepesa lakini vibonye kadhaa havifanyi kazi, angalia kiungo cha kibodi chenye nafasi 20, kikae sawasawa. Kibonye kimoja kimoja kikikataa, ni uchafu kwenye mpira mweusi ulio chini yake. Kusafisha ni rahisi ila kunahitaji uvumilivu: skrubu nyingi ndogo, na nyaya mbili za SHIFT LOCK lazima ziondolewe risasi kwanza. Herufi zikijiandika zenyewe, chomoa kijiti kilicho tundu la kwanza, kwani hutumia njia ile ile ya kibodi.

Inaanza vizuri, inakufa baada ya dakika kumi

Hii usiivumilie hata siku moja. Chanzo cha kwanza ni adapta inayopata moto, ile ile ya kijana wa Ruashi. Mashini ikiganda, usiizime na kuiwasha tena kwa kubembeleza. Chomoa, pima adapta kwa balbu na saa.

Adapta ikipita, tafuta chipu inayolegea kwa joto. Chipu kwenye soketi hupanda juu kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Ukizisukuma chini kwa dole gumba, mashini ikiwa imechomolewa, utasikia mkwaruzo mdogo, na mara nyingine hiyo ndiyo dawa yote.

Picha ipo lakini haina rangi

Hapa mara nyingi mashini haina kosa. Televisheni nyingi za zamani zilizobaki kwenye nyumba zetu zilitengenezwa kwa mfumo wa SECAM, na C64 ya Ulaya hutoa PAL. Zikikutana, unapata picha nyeusi na nyeupe, na kwa waya wa antena hata sauti hukosekana. Ijaribu kwenye televisheni nyingine. Watu wamefungua mashini nzima kwa jambo hili, wakazungusha skrubu ya kurekebisha rangi, wakaharibu kilichokuwa sawa.

Kiendeshi 1541

Kikiwashwa hunguruma sekunde moja, taa nyekundu huwaka kisha huzima. Ikibaki imewaka, ubongo wake mwenyewe haujaamka. Safisha viungo vya nje, kisha simama. Tofauti na C64, kiendeshi hiki kina umeme wa ukutani ndani ya kifuniko chake, volti 220 karibu kabisa na mahali utakapoweka mkono.

Weka bisibisi chini

Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, chomoa ukutani, si kwenye mashini. Usijaribu mara ya pili kuona kama itarudia.

Televisheni ya kioo kizito usiifungue kwa sababu yoyote. Ndani yake hubaki maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na hayo hayana msamaha.

Chipu isiyo na soketi usiing'oe kama hujawahi kufanya hivyo kwenye ubao wa kutupa. Mistari ya shaba ya C64 ni myembamba, hunyanyuka ikipata moto mwingi. Nimepokea mashini ambazo chipu iliyotolewa ilikuwa nzima na ubao ndio uliokufa. Na usimpe fundi anayechomelea masufuria na betri za gari, hata akiwa jirani mwema. Mpe anayetengeneza simu au redio, mwenye chuma chembamba cha kulehemu na kioo cha kukuzia.

Unapoenda kwake, beba mashini na adapta pamoja, na karatasi yenye mambo haya: volti ulizosoma adapta ikiwa baridi na baada ya nusu saa, rangi ya skrini, namba iliyoandikwa kama ilitokea, chipu iliyokuwa ya moto, na kila ulichokigusa. Usifiche ulichojaribu. Adapta ya zamani ifunge utepe mwekundu kuzunguka plagi yake, ili hata mtoto wa karakana asiichomeke kwa bahati mbaya.